Mkataba wa Madola na Haki ya Mtu Mmoja

Madola mawili yanapotia saini mkataba, nani amemwahidi nani? Ukiuliza swali hili katika darasa la siasa utajibiwa upesi: serikali imeiahidi serikali. Kwa muda mrefu jibu hilo lilikuwa sahihi kila mahali, na katika sehemu kubwa ya dunia bado ni sahihi. Mfanyakazi aliyeona kwamba serikali yake imevunja mkataba hakuwa na pa kushika. Angeweza kumlalamikia mbunge wake, angeweza kuandika gazetini, lakini akienda mahakamani hakimu angemwambia kwamba hayo ni mapatano ya madola na yeye hakuwamo.

Katika makala haya tutaeleza jinsi jibu hilo lilivyobadilika katika nchi za Soko la Pamoja la Ulaya, kuanzia mwaka 1963. Tumechagua Ulaya kwa sababu huko ndiko mabadiliko hayo yalikokwenda mbali zaidi, na kwa sababu Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 una ibara zinazofanana sana na zile za Ulaya. Kada anayezisoma ibara hizo bila kujua historia ya wenzake waliotangulia atazisoma kama mtu aliyefungua barua katikati.

Hapa hatuna budi kujihadhari na makosa mawili. Wapo wanaosema sheria ni pazia tu la wenye nguvu, kwa hiyo kuichambua ni kupoteza wakati. Hao hawajatueleza kwa nini wenye nguvu huwalipa mawakili fedha nyingi hivyo kwa ajili ya pazia. Wapo wengine, hasa ndugu zetu waliotoka vyuo vya sheria, wanaosimulia habari hii kana kwamba majaji saba waliamka asubuhi moja wakiwa wamejaa huruma kwa wanyonge. Hao nao husahau kuuliza nani alikuwa amesimama mlangoni siku ya kwanza.

Siku ya kwanza alikuwa mfanyabiashara.

Mkataba wa Roma ulitiwa saini tarehe 25 Machi 1957 na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxemburg. Ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1958. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuvunja kuta za ushuru wa forodha kati ya nchi hizo ili mali na mtaji vipite bila kizuizi. Tukumbuke pia, maana vitabu vingi hupita hapa kimya kimya, kwamba Mkataba huo uliziambatanisha na Soko makoloni ya nchi hizo, zikiwamo Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, bila mtu wa huko kuulizwa. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya haki za mtu mmoja katika Mkataba wa Roma tujue kwamba mtu huyo, mwaka 1957, hakuwa kila mtu.

Ibara ya 12 ya Mkataba ilikataza nchi wanachama kuweka ushuru mpya au kuongeza ule uliokuwapo katika biashara baina yao. Mwezi Septemba 1960 kampuni ya uchukuzi ya Uholanzi iitwayo Van Gend en Loos iliingiza nchini humo shehena ya yurea-fomaldehaidi, kemikali ya kutengenezea gundi, kutoka Ujerumani Magharibi. Mkataba ulipoanza kutumika bidhaa hiyo ilitozwa ushuru wa asilimia 3. Baadaye Uholanzi, Ubelgiji na Luxemburg zikapanga upya orodha yao ya ushuru, na katika kupanga huko bidhaa ikahamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine. Katika fungu jipya ushuru ulikuwa asilimia 8. Serikali haikutangaza kwamba imepandisha ushuru. Ilihamisha jina tu. Lakini kwa mwenye mzigo bandarini kuhamishwa jina na kupandishiwa ushuru ni mamoja.

Kampuni ikakataa, ikaenda mbele ya baraza la kesi za ushuru mjini Amsterdam, ikasema: Ibara ya 12 imevunjwa. Wakili wa serikali hakuwa na haja ya kubishana sana kuhusu gundi. Alikuwa na hoja nzito zaidi: hata kama imevunjwa, inakuhusu nini wewe? Mkataba wenyewe umeweka njia ya kuishitaki nchi inayouvunja. Ibara ya 169 inairuhusu Kamisheni ya Jumuiya kuishitaki, na Ibara ya 170 inairuhusu nchi mwanachama kuishitaki nchi nyingine. Kampuni ya uchukuzi haikutajwa popote.

Ilikuwapo lakini ibara nyingine ambayo wakati wa kuandika Mkataba haikuonekana kuwa na makali. Ni Ibara ya 177. Kwa ibara hiyo hakimu wa nchi yoyote mwanachama, akiwa katikati ya kesi ya kawaida na akakwama juu ya maana ya Mkataba, aweza kuisimamisha kesi, akaandika swali, akalipeleka kwenye Mahakama ya Jumuiya iliyoko Luxemburg. Mahakama ile hujibu swali la maana tu. Haimwambii hakimu nani ashinde. Jibu likishatoka, faili hurudi kwa hakimu yule yule wa kwanza, naye ndiye anayetoa hukumu. Baraza la Amsterdam likafanya hivyo mwezi Agosti 1962: likauliza kama Ibara ya 12 yaweza kutumiwa na mtu binafsi mbele ya mahakama ya nchi yake.

Serikali za Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani Magharibi zilipeleka hoja za kupinga. Nusu ya madola yaliyotia saini, basi, yalisema kwa maandishi kwamba hayakukusudia jambo hilo. Hata Karl Roemer, aliyekuwa Wakili Mkuu wa Mahakama (huyu si wakili wa upande wowote, ni afisa anayewashauri majaji kabla hawajaamua), alishauri jibu liwe hapana. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema katiba za nchi zile sita hazifanani. Uholanzi ilikuwa imekwisha kuipa mikataba nafasi ya juu katika marekebisho ya katiba yake ya miaka ya 1950, lakini nchi nyingine hazikuwa hivyo, na kwa hiyo ibara moja ingetoa haki katika nchi moja na kuinyima katika nchi ya jirani. Upande wa pili alisimama Michel Gaudet, mkuu wa idara ya sheria ya Kamisheni, ambaye alitaka jibu liwe ndiyo, maana Kamisheni ilijua haina polisi wala watumishi wa kutosha kuwafuatilia maofisa forodha wa nchi sita.

Tarehe 5 Februari 1963 majaji saba wakajibu: ndiyo. Walisema Jumuiya hii si mapatano ya kawaida ya madola bali ni mfumo mpya wa sheria, ambao ndani yake madola yamepunguza mamlaka yao, na ambao wahusika wake ni madola pamoja na raia wao. Walitoa sababu kadhaa, kwamba dibaji inawataja watu, kwamba kuwepo kwa Ibara ya 177 kunaonyesha raia walitarajiwa kuufikisha Mkataba mahakamani. Ila sababu iliyo karibu zaidi na hali halisi ilikuwa ile ya mwisho: raia wenye kulinda haki zao watakuwa walinzi wa Mkataba, pamoja na Kamisheni na serikali. Kwa maneno mengine, kila mwenye mzigo forodhani aligeuzwa mkaguzi wa bure.

Si kila ibara ilipata nguvu hiyo. Mahakama ilitaka ibara iwe wazi, isiwe na masharti, na isihitaji nchi kutunga sheria nyingine ndipo itekelezwe. Katazo la kupandisha ushuru lilitimiza hayo yote, kwa sababu linaitaka nchi isifanye kitu. Ibara inayosema nchi zitashirikiana kuinua hali ya maisha haikutimiza. Msomaji aitafakari tofauti hiyo. Mwenye bidhaa aliahidiwa kwa lugha ya amri, na mwenye njaa aliahidiwa kwa lugha ya matumaini; sheria ikaweza kumsaidia yule aliyeandikiwa amri.

Kesi ya pili inatuhusu sisi kwa karibu zaidi, kwa kuwa ilihusu utaifishaji. Mwezi Desemba 1962 Italia ilipitisha sheria ya kuyataifisha makampuni ya umeme na kuyaweka chini ya shirika moja la umma, ENEL. Flaminio Costa, wakili wa Milano, alikuwa na hisa katika moja ya makampuni yaliyotaifishwa. Alipoletewa ankara ya umeme ya lire 1,925 alikataa kuilipa. Kiasi hicho kilikuwa kidogo mno, na ndiyo sababu kesi ilikwenda mbele ya hakimu wa madai madogo madogo, ambaye hukumu yake ingekuwa ya mwisho. Costa akadai kwamba sheria ya utaifishaji imevunja Mkataba wa Roma.

Swali sasa lilikuwa gumu kuliko la Amsterdam. Sheria ya utaifishaji ilitungwa baada ya Mkataba, na kanuni ya kawaida ni kwamba sheria ya baadaye huishinda ya zamani. Mapema mwaka 1964 Mahakama ya Katiba ya Italia ilikuwa imesema hivyo hivyo katika shauri la utaifishaji huo huo. Serikali ya Italia ikaiambia Mahakama ya Luxemburg kwamba swali la hakimu wa Milano halifai hata kusikilizwa. Tarehe 15 Julai 1964 Mahakama ikajibu kinyume: sheria inayotokana na Mkataba haiwezi kushindwa na sheria ya nchi moja, hata kama ni ya baadaye, kwa sababu kama kila bunge lingeweza kuifuta kwa zamu yake, kusingekuwa na Jumuiya.

Kada makini atauliza: je, huu si ushahidi kwamba mlango huu ulifunguliwa ili wenye hisa wazuie umma kumiliki njia kuu za uchumi? Ni swali la haki na tulijibu kwa ukweli wa kesi yenyewe. Costa alishinda hoja ya kisheria, utaifishaji haukuguswa. Mkataba wa Roma wenyewe, katika Ibara ya 222, uliacha suala la nani amiliki mali mikononi mwa kila nchi. ENEL ilibaki shirika la umma kwa karibu miaka thelathini, hadi ilipogeuzwa kampuni ya hisa mwaka 1992 na hisa kuanza kuuzwa kwa wananchi na wenye mitaji mwaka 1999. Walioamua hayo walikuwa wanasiasa wa Roma. Hakimu wa Milano hakuwa na mkono. Lakini tusijidanganye pia: aliyekuwa na muda, elimu na ujasiri wa kukataa ankara na kuifikisha Luxemburg alikuwa wakili mwenye hisa. Mfagiaji wa Milano angekatiwa umeme.

Kwa nini mahakimu wa chini walikubali kutumia chombo hiki? Baadhi ya waandishi hutaja imani yao katika umoja wa Ulaya. Huenda, kwa wachache. Sababu iliyo wazi zaidi ni kwamba chombo chenyewe kilimpa hakimu mdogo uwezo ambao wakubwa wake wa nyumbani hawakumpa. Mfano ni hakimu wa Susa, mji mdogo wa milimani karibu na mpaka wa Italia na Ufaransa. Kampuni ya nyama, Simmenthal, ilitozwa lire 581,480 za ukaguzi wa nyama ya ng'ombe iliyotoka Ufaransa, nayo ikazidai zirudishwe. Serikali ikasema hakimu wa kawaida hana ruhusa ya kuiweka kando sheria ya Bunge. Lazima angoje Mahakama ya Katiba iifute. Mwezi Machi 1978 Luxemburg ikamwambia hakimu yule asingoje mtu. Sheria ya nchi ikipingana na ya Jumuiya aiache yeye mwenyewe, papo hapo, katika kesi iliyo mbele yake. Tangu hapo hakimu wa mji wa mpakani akawa na kalamu ambayo jaji mkuu wa nchi nyingi hana.

Na kalamu hiyo ndiyo siri ya jambo lote. Luxemburg haikuwa na askari wala gereza. Dola yaweza kuipuuza mahakama ya mbali na isipatwe na jambo kubwa. Kumpuuza hakimu wake mwenyewe, aliyeapa kwa katiba yake na ambaye hukumu zake hutekelezwa na polisi wake, ni kujikata mguu.

Sasa tufike kwa wafanyakazi. Ibara ya 119 ya Mkataba wa Roma ilisema wanaume na wanawake walipwe ujira sawa kwa kazi sawa. Isidhaniwe kwamba iliandikwa kwa ajili ya wanawake. Ufaransa tayari ilikuwa na sheria ya ujira sawa, na wenye viwanda wake waliogopa kushindana na nchi ambazo kazi ya mwanamke ilinunuliwa kwa bei ya chini. Ibara ililinda faida ya Ufaransa. Nchi zilitakiwa ziitekeleze kufikia mwisho wa 1961. Siku moja kabla ya mwisho huo, tarehe 30 Desemba 1961, serikali sita zikapitisha azimio la kujiongezea muda hadi mwisho wa 1964. Muda huo nao ukapita. Kamisheni, ambayo ndiyo iliyopewa kazi ya kuzishitaki nchi, haikumshitaki mtu.

Mwezi Februari 1966 wanawake wapatao 3,000 wa kiwanda cha silaha cha Herstal, nchini Ubelgiji, waliweka chini zana zao. Walidai nyongeza ya faranga 5 kwa saa na walisema waziwazi kwamba Ibara ya 119 iko upande wao. Mgomo ulidumu majuma 12. Walirudi kazini mwezi Mei wakiwa wamepata faranga 2.75. Mwanasheria wa kazi, Éliane Vogel-Polsky, aliyekuwa karibu na mapambano hayo, alikuwa na hakika kwamba ibara hiyo ina nguvu mahakamani kama ile ya ushuru. Alichokosa ni mtu wa kumpeleka mbele ya hakimu.

Alimpata Gabrielle Defrenne, mhudumu wa ndege wa shirika la Sabena tangu 1951. Wahudumu wanaume walifanya kazi ile ile ndani ya ndege ile ile na wakalipwa zaidi. Tena mkataba wa kazi ulimtaka mhudumu mwanamke aondoke akifikisha umri wa miaka 40. Mwanamume hakuwekewa sharti hilo. Mwezi Februari 1968 alitimiza miaka 40, akaondolewa. Kesi zake zilifika Luxemburg mara tatu. Ya kwanza, ya pensheni, alishindwa mwaka 1971. Ya pili ilikuwa ya tofauti ya mshahara kati ya 1963 na 1966, jumla faranga za Kibelgiji 12,716. Mahakama ya kazi ya Brussels ilikwisha kuikataa mwaka 1970. Rufani ndiyo iliyopeleka swali.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1976. Mahakama ilisema Ibara ya 119 yaweza kutumiwa moja kwa moja mbele ya hakimu wa nchi, na si dhidi ya serikali peke yake bali pia dhidi ya mwajiri binafsi, katika mkataba wa mtu na mtu. Lile azimio la 1961 la kujiongezea muda halikuwa na nguvu ya kubadili Mkataba. Mwezi Novemba mwaka huo mahakama ya rufani za kazi ya Brussels ikaamuru alipwe faranga zake 12,716.

Furaha isituzuie kusoma ukurasa wa mwisho wa hukumu hiyo. Uingereza na Ayalandi, zilizojiunga mwaka 1973, zilikuwa zimeonya kwamba madai ya miaka iliyopita yatawalemea waajiri. Mahakama ikasikia. Iliamua kwamba haki hii haiwezi kudaiwa kwa mishahara ya kabla ya tarehe ya hukumu, isipokuwa kwa wale waliokwisha kufungua kesi. Tangu muda wa Mkataba ulipokwisha wanawake wa Ulaya walikuwa wamepunjwa kwa zaidi ya miaka kumi, na mahakama ile ile iliyokiri kwamba wamepunjwa ikafunga hesabu yao kwa sababu ilikuwa kubwa mno. Mwenye gundi hakuambiwa neno kama hilo mwaka 1963. Na mwaka 1978, katika kesi ya tatu, Defrenne aliambiwa kwamba Ibara ya 119 inahusu ujira tu. Kufukuzwa kwa kutimiza miaka 40 hakumo. Akashindwa.

Habari ya maagizo ya Jumuiya, yaani sheria ambazo kila nchi hutakiwa kuzitungia sheria yake ya utekelezaji, tutaipitia haraka. Mahakama ilikubali yatumike dhidi ya serikali iliyochelewa, lakini mwaka 1986 ikakataa yatumike dhidi ya mwajiri binafsi. Hivyo muuguzi wa hospitali ya umma akawa na haki ambayo mwenzake wa hospitali binafsi hakuwa nayo. Sehemu ya pengo hilo ilizibwa na kesi ya Francovich, mfanyakazi wa Vicenza ambaye mwajiri wake alishindwa kumlipa mishahara ya lire milioni 6. Agizo la 1980 liliitaka kila nchi iunde mfuko wa kuwalipa wafanyakazi wa waajiri waliofilisika. Italia haikuunda, ikahukumiwa kwa kosa hilo mwaka 1989, na bado haikuunda. Tarehe 19 Novemba 1991 Mahakama ikasema nchi inayomtia raia hasara kwa kutotekeleza agizo itamfidia yenyewe. Jina la Francovich limo katika kila kitabu cha sheria cha Ulaya. Mwenyewe hakufaidika: mwaka 1995 Mahakama ilieleza kwamba agizo lile liliwahusu wafanyakazi wa waajiri waliokuwa chini ya taratibu fulani tu za ufilisi, na wake hakuwamo.

Mahakama za juu za nchi hazikuyapokea mambo haya kwa mikono miwili. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi iliweka akiba mwaka 1974, ikisema itaendelea kupima sheria za Jumuiya maadamu Jumuiya haina orodha ya haki za binadamu. Ililegeza mwaka 1986. Ya Italia ilichukua miaka 20 tangu ankara ya Costa, hadi 1984, kukubali kwamba hakimu wa kawaida aweza kuiacha sheria ya Bunge. Baraza la juu la sheria za utawala la Ufaransa lilikubali ukuu wa Mkataba juu ya sheria ya baadaye mwaka 1989 tu. Uingereza iliukubali kwa sheria ya Bunge ya 1972, na iliondoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, ikiwa na malalamiko mengi, mojawapo likiwa hili la majaji wa mbali.

Tukirudi nyumbani, tusiseme kwamba suala hili ni geni Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza, ya Mkataba wa 1967, ilikuwa na sheria zake zilizotumika katika nchi tatu. Mwaka 1970 watu wawili walishitakiwa Kenya chini ya sheria ya siri za serikali ya Jumuiya hiyo, na sheria yenyewe ilitaka kibali cha mwanasheria wa Jumuiya kabla ya kushitaki. Mahakama Kuu ya Kenya ikaona kwamba sharti hilo linagongana na mamlaka ambayo Katiba ya Kenya inampa Mwanasheria Mkuu, na ikaamua kwamba Katiba ndiyo ya juu. Wakati Luxemburg ilikuwa na miaka sita tangu kusema kinyume, kwetu hapakuwa na ibara ya kumwezesha hakimu kuuliza swali, wala mahali pa mtu wa kawaida kuushika Mkataba.

Jumuiya ile ikavunjika mwaka 1977. Reli, bandari, posta na ndege zikagawanywa. Wafanyakazi waliobaki wakiuliza pensheni zao walikuwa maelfu kwa maelfu. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia saini Arusha mapatano ya kugawana mali na madeni, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa raia wake waliotumikia Jumuiya. Hayo yalikuwa mapatano ya madola, lakini kila mzee aliyekuwa fundi wa reli aliyasoma kama hati yake. Wastaafu wa Tanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, na mwaka 2005 pande mbili zikafikia makubaliano, ingawa malalamiko hayakuishia hapo. Wenzao wa Kenya, zaidi ya 700, walikwenda kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mwaka 2010. Mwaka 2012 waliambiwa katika rufani kwamba Mkataba mpya haurudi nyuma kuyagusa mambo yaliyotokea kabla haujakuwapo.

Mkataba huo mpya, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000, umeandika mambo ambayo huko Ulaya majaji waliyavumbua. Ibara ya 8 inazipa sheria za Jumuiya nafasi ya juu kuliko sheria za nchi zinazofanana nazo. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka shauri lake moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Jumuiya, jambo ambalo mfagiaji wa Milano hakuwahi kupewa kwa upana huo. Mwezi Novemba 2006 Mahakama ilizuia kwa muda wabunge wa Kenya wasiapishwe katika Bunge la Afrika Mashariki, kwa shauri lililoletwa na raia. Kabla mwaka haujaisha Mkataba ukawa umekwisha kurekebishwa, na moja ya marekebisho hayo yaliyoanza kutumika mwaka 2007 linasema shauri la Ibara ya 30 liletwe ndani ya miezi miwili. Chama cha wanasheria kilishitaki, na mwaka 2008 Mahakama ikasema wananchi walipaswa kushirikishwa katika kurekebisha Mkataba. Lakini haikuyafuta marekebisho. Miezi miwili inamtosha mwenye wakili wa kudumu. Mtu wa Kigoma au wa Busia huenda akasikia habari baada ya miezi mitatu.

Imebaki Ibara ya 34, ndugu yake ile ya 177: hakimu wa nchi akikwama, aulize. Haihitaji mtu asafiri mpaka Arusha, wala haimhesabii miezi. Inahitaji wakili anayejua kuiomba na hakimu asiyeona haya kuuliza. Huko Ulaya swali la kwanza lilitoka katika mahakama ya Uholanzi mwaka 1961, miaka mitatu baada ya Mkataba kuanza kutumika. Kwetu swali la kwanza lilitoka Mahakama Kuu ya Uganda, na lilipewa namba yake katika daftari la Arusha mwaka 2014.